Bilula ya Bi Mwanaasha

Mara ya kwanza Kibwana alipokwenda kuziba bilula ya Bi Mwanaasha, mkewe Chausiku alimfungia mihogo ya kuchemsha katika jani la mgomba, kwa maana kazi ya maji huchelewesha na njaa haina adabu. Mara ya pili alimfungia tena. Mara ya tatu alikwisha kulishika jani mkononi alipomwona mumewe ameinama juu ya ndoo, anajitazama majini na kulainisha ndevu kwa mafuta ya nazi. Basi mihogo akairudisha chunguni, na jani akalitupa uani.

"Leo hunipi kitu, mama Mwinjuma?" Kibwana aliuliza.

"Huko uendako hakuna jiko?"

Kibwana akacheka kama mtu aliyeambiwa mzaha, akatia spana kwapani, akatoka. Kanzu aliyovaa ilikuwa nyeupe, ya Ijumaa. Chausiku alisimama mlangoni, akaisindikiza kanzu ile kwa macho mpaka ikapotelea kwenye migomba. Fundi gani huyu, alijiuliza, avaaye nguo ya msikitini kwenda kugaagaa kwenye matope?

Siku zile Wadachi walikuwa wamekwisha kuifikisha reli Morogoro na kuisogeza mbele kuelekea bara. Gari la moshi lilikunywa maji kushinda kundi la ng'ombe, kwa hiyo lililazwa bomba la kuyateremsha kutoka chini ya mlima Lupanga mpaka kwenye tangi la stesheni. Watu wa mji waliendelea kuchota mtoni kama walivyochota bibi zao. Nyumba zilizopata bomba zilikuwa za Wazungu, ila moja tu. Hiyo ilikuwa ya Ahmadi, mfanyabiashara aliyewauzia vibarua wa reli mchele na samaki wakavu. Wakubwa walimpenda kwa kuwa hakuwahi kuwakosesha vibarua chakula hata masika yalipoharibu njia, wakamruhusu kuchepusha bomba jembamba mpaka nyumbani kwake.

Ahmadi alijenga nyumba ya mawe, akatia bilula moja uani ya kuchotea, na nyingine pale bomba linapopenya ukuta, ndani ya ghala la mchele. Hii ya pili, ambayo watu wa sasa huiita koki, kazi yake ni kufungia. Ukitaka maji yasiingie nyumbani unauzungusha mkono wake, yanakatika. Lakini Ahmadi hakufaidi maji yake hata mwaka. Homa ilimchukua, akamwachia mkewe Mwanaasha nyumba, ghala, na bilula hiyo ya ghalani, iliyoanza kuvuja kabla eda haijaisha.

Kibwana alikuwa fundi wa mabomba wa stesheni. Alikuja Morogoro pamoja na reli, kijana wa pwani mwenye mikono mirefu na maneno machache, akamwona Chausiku akiuza ndizi kwenye njia ya Mkuyuni, akaenda kumposa kwao. Baba yake Chausiku, Mzee Rehani, alikuwa mshona makubazi mashuhuri pale Mkuyuni. Alimweka mposaji katikati ya ngozi zake, akampa kisu, akamwambia akate. "Nataka kuuona mkono wako kabla ya kusikia mdomo wako," alisema. Kibwana alikata vizuri, akapewa mke. Akapewa na ufundi mwingine juu yake, kwa maana pete za ngozi zinazozuia maji kwenye shingo za mabilula zilikuwa zikitoka Ulaya na kuchelewa sana, na mkwewe akamfundisha kujikatia mwenyewe kwa ngozi ya ng'ombe iliyokolea dawa ya gome la mti.

Ndoa ilikuwa njema. Walijaliwa mtoto mmoja, Mwinjuma, ambaye wakati huo alikuwa kwa babu yake Mkuyuni akisoma Kurani chuoni. Chausiku hakuwa mwanamke wa kumchunguza mume. Alijua kwamba dini ilimruhusu Kibwana kuongeza mke, na alijua pia kwamba siku moja huenda angeambiwa. Alichokuwa hajakijua ni namna moyo unavyofanya kazi peke yake kabla ya kuambiwa.

Bilula ile ilizibwa, ikakaa siku chache, ikavuja tena. Ikazibwa, ikavuja. Kila ilipovuja, Bi Mwanaasha alituma salamu stesheni, na Kibwana akatoka kazini, akaoga, akavaa. Alikuwa ameanza kuimba puani. Alikuwa ameanza kusifu vitu ambavyo zamani hakuviona, kama vile pilau iliyotiwa bizari nzima, au sakafu iliyopigwa chokaa. Chausiku alipika pilau, akatia bizari nzima. Kibwana akala, akasema ni nzuri, na namna alivyosema ikamfahamisha Chausiku kwamba kulikuwa na nyingine iliyokuwa nzuri zaidi.

Mtoni nako watu wana midomo. Asubuhi moja, wanawake wakiwa wameinama juu ya mawe wanafua, jirani yake Mwanaheri alisema bila kuinua kichwa, "Mama Mwinjuma, mumeo si ndiye fundi anayesifiwa mpaka Kilosa?"

"Wanasema hivyo."

"Basi bilula ya yule mjane ina ugonjwa gani usiosikia dawa?"

Wenzake walikohoa, wengine wakapiga nguo kwenye mawe kwa nguvu kuficha kicheko. Chausiku aliendelea kufua mpaka akaona kwamba shuka aliyoshika ilikuwa safi zamani na vidole vyake vimeanza kuchubuka. Akajitwisha ndoo, akapanda ukingo. Njia nzima maji yalimchuruzikia usoni kutoka kichwani, wala hakuyafuta.

Hakukaa kwake. Alishusha ndoo mlangoni, akajifunga kanga mpya, akavaa makubazi aliyoshonewa na baba yake, yale mazito ya ngozi ya ng'ombe aliyoyatunza kwa harusi na maziko. Jua lilikuwa bado halijapanda sana, na Kibwana alikuwa stesheni. Chausiku alizipita nyumba za udongo, akalipita soko, akavuka reli, akafika kwenye nyumba ya mawe. Alikuwa amepanga maneno ya kusema. Yalikuwa mengi na makali, na kila moja alikuwa amelinoa njiani.

"Hodi."

"Karibu, pita ndani," ilijibu sauti.

Maneno yakaanza kumponyoka hapo hapo, kwa sababu ya sauti. Ilikuwa sauti nzito kidogo, tulivu, ya mtu asiyekuwa na haraka na dunia. Chausiku alikuwa amejitayarisha kukutana na uso mzuri. Hakuwa amejitayarisha kwa sauti. Mwenyewe alipotokea, alikuwa mwanamke wa makamo yake, mrefu, mwenye pumba za mchele mikononi na macho ya mtu asiyelala vizuri. Hakuwa mzuri wa kutisha. Na jambo hilo lilimuuma Chausiku kuliko kama angekuwa, maana uzuri wa uso mtu hupewa na Mungu na hana la kufanya, lakini mume aliyevutwa na kitu kisichoonekana amevutwa kweli.

"Mimi ni mke wa Kibwana fundi," alisema.

"Mama Mwinjuma," Mwanaasha aliitikia, na akanyoosha mkono wenye pumba. "Hukuwahi kufika. Karibu ukae."

"Sikuja kukaa. Nimekuja kuiona bilula."

Mwanaasha alimtazama kwa muda. Hakucheka wala hakushangaa. Alifuta mikono yake kwenye kanga, akamwongoza mpaka ghalani.

Kulikuwa na harufu ya mchele uliolowa. Magunia yalikuwa yamesogezwa upande mmoja, na ukutani palikuwa na doa kubwa la kijani lililoteremka mpaka sakafuni. Bilula ilikuwa katikati ya doa hilo, ya shaba, mkono wake umeng'arishwa kwa kushikwashikwa. Chini ya mkono, pale mti wa bilula unapoingia shingoni na kubanwa na nati, maji yalikuwa yakitoka tone baada ya tone, yanaangukia katika bakuli la udongo. Ilikuwa inavuja kweli. Chausiku alikuwa ameshaamini kwamba hakuna bilula wala maji, na sasa alipoyaona alijisikia kama mtu aliyesukuma mlango uliokuwa wazi.

Halafu akaiona spana. Ilikuwa imelala juu ya tofali chini ya bilula, ile ndogo ya Kibwana yenye mpini uliozungushiwa kitambaa cha kaniki. Kitambaa hicho alikizungusha Chausiku mwenyewe, siku mumewe aliporudi na malengelenge. Nyumbani alikuwa ameitafuta sana. Kibwana alimwambia imepotea stesheni.

"Hii inafanya nini hapa?" aliuliza.

"Aliiacha. Alisema atakuwa akiihitaji."

Mwanamume huacha kofia yake, huacha bakora yake, huacha tasbihi, ili apate la kurudia. Huyu aliacha spana. Chausiku aliinama akaiokota, na mkono wake ukawa na akili kuliko yeye, au pengine na wazimu kuliko yeye, maana aliona umeitia spana kwenye nati na kuanza kukaza. Alijua kidogo namna inavyofanywa, kwa kumtazama mumewe miaka yote. Nati ilizunguka kwa ulaini ambao haukumridhisha. Akakaza zaidi.

"Polepole, mama," Mwanaasha alisema nyuma yake.

Neno lile "polepole" ndilo lililoharibu, kwa sauti ile tulivu. Chausiku aliegemeza uzito wake wote. Nati ikachomoka kwenye meno yake, ikagonga ukuta, na maji yakamchapa usoni kama kofi.

Hakukuwa na wakati wa ugomvi tena. Maji ya mlimani yana nguvu ya mlima, na yalitoka yakiimba, yakapiga dari, yakarudi juu ya magunia. Chausiku aliziba shingo ya bilula kwa viganja vyake vyote viwili, yakapenya katikati ya vidole na kumlowesha mpaka kiunoni. "Kuna pa kuyakatia?" aliuliza kwa kuhema.

"Njiani, kwenye kisanduku," Mwanaasha alijibu, na tayari alikuwa akikimbia. Chausiku alisikia miguu yake mitupu ikipiga ua, akasikia kifuniko cha mbao kikifunguliwa barabarani, na akabaki peke yake na maji ya mwanamke mwingine mikononi. Kidogo kidogo msukumo ukapungua. Maji yakalegea, yakawa mchirizi, yakakoma.

Walisomba magunia pamoja. Hapakuwa na mjadala, mmoja alishika huku na mwingine kule, wakayapeleka uani kwenye jua na kuyafungua vinywa. Kazi hiyo ilikuwa nzito, na iliwachosha kiasi kwamba walipomaliza walikaa wote wawili kwenye kizingiti cha ghala, nguo zimewaganda mwilini, kama ndugu waliovuka mto.

"Nimekuharibia," Chausiku alisema.

"Ilikuwa imeharibika."

Chausiku aliirudia bilula kutafuta nati. Aliipata kwenye kona, nzima, haikupasuka. Kando yake palikuwa na kitu cheusi kimejikunja kama konokono. Alikiokota. Ilikuwa ile pete ya ngozi iliyokaa shingoni mwa bilula, imelainika mpaka ikawa kama ute. Akaigeuza. Upande mmoja ulikuwa bado na manyoya machache, ya kahawia yenye ncha nyeupe.

Aliyajua manyoya yale. Mbuzi wa Idi ya kuchinja alikuwa wa kwao, wa kahawia mwenye mabaka, na ngozi yake ilikuwa imewambwa ukutani nyuma ya jiko kwao. Pembe moja ya ngozi ile ilikuwa imekatwa. Chausiku alidhani ni mbwa, akampiga jiwe mbwa wa Mwanaheri.

Alikaa chini, pale pale kwenye sakafu yenye maji. Siku ile Mkuyuni, Kibwana alipokuwa bado mposaji, Mzee Rehani alikuwa amemwekea ngozi mbili mbele na kumwambia, "Sikia, kijana. Ya mbuzi utawambia ngoma. Penye maji tia ya ng'ombe, tena iliyokolea. Ukitia ya mbuzi itavimba, itaziba vizuri, utasifiwa, na baada ya siku chache itaoza na utaitwa mwongo." Kibwana hakusahau neno lile hata mara moja. Mabilula ya stesheni yote yalikuwa na pete za ng'ombe, hakuna lililovuja. Ngozi ya mbuzi aliikata kwa ajili ya nyumba hii moja.

Mwanaasha alikuwa amesimama mlangoni. "Umeona nini?"

Chausiku aliinyoosha ile pete kwenye kiganja, akamweleza, kwa maneno machache, ngozi hii inafanya nini na ile inafanya nini. Alipokuwa akieleza alitazama uso wa mwenzake kama mtu atazamavyo maji kuona kina chake. Aliona uso ule ukifahamu. Aliona hasira ikipanda polepole, ya mtu ambaye mchele wake umeoza kwa makusudi.

"Kwa hiyo alikuwa akiniharibia," Mwanaasha alisema.

"Alikuwa akijitafutia njia ya kurudi."

Mwanaasha akaingia, akachuchumaa ili macho yao yawe sawa. "Nitakwambia jambo, na ukitaka kunipiga unipige baadaye. Aliniposa. Mara ya pili alipokuja alisema nitulize moyo wangu, eda iishe vizuri, atanioa. Nikamwambia hapana. Mara ya tatu akasema tena, nikamwambia hapana. Sikukwambia wewe kwa sababu sikujua nitakwambiaje, na kwa sababu ndiye fundi peke yake anayekubali kuja kwangu. Nilitaka bilula yangu isivuje. Basi."

Chausiku alikuwa amengoja kusikia kwamba mwanamke huyu amemchukulia mume. Kusikia kwamba alipewa na hakumtaka kulimchoma mahali pengine, mahali ambapo hakujua pana maumivu. "Ulimkataa kwa nini?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa kali. "Ana kasoro gani?"

"Hana kasoro."

"Hakufai? Mimi ananifaa, wewe hakufai?"

Mwanaasha alimtazama, na kwa mara ya kwanza pembe za mdomo wake zikataka kucheka, akazizuia. "Mama Mwinjuma, niliolewa nikiwa mdogo. Ahmadi alikuwa mtu mwema na alikuwa na amri. Sasa naamka ninapotaka na mchele wangu nauza mwenyewe. Hata angekuja mtoto wa sultani, ningemwuliza kwanza kama anajua kuziba bilula, kisha ningemwambia aende zake."

Chausiku hakucheka. Aliinuka, akakung'uta kanga yake, akaitazama bilula ile iliyokuwa wazi shingoni. Fikira ikamjia, tena haikuwa ya wema. Alifikiri kwamba maadamu bilula hii inavuja, Kibwana ana njia ya kuja hapa, na njia hiyo lazima izibwe leo, kwa mikono yake mwenyewe, hata kama ni kwa faida ya mwanamke aliyemwonea wivu mpaka akakosa usingizi.

"Una kisu kikali?" aliuliza. "Na nta, na shahamu ya ng'ombe?"

Nta ilikuwapo, ya nyuki wa milimani, na shahamu pia. Ngozi ndiyo haikuwapo. Chausiku alizunguka ghala kwa macho, halafu akatazama chini, kwenye miguu yake. Alivua kubazi la kulia. Baba yake alilishona kwa ngozi ya fahali mzee, iliyolala kwenye dawa mwaka mzima, na akamwambia kwamba atazikwa kabla halijaisha. Alilishika kwa muda. Kisha akakata ukanda wake mpana, karibu na kisigino, akaukata tena mviringo wa kulingana na shingo ya bilula, na kuupasua upande mmoja kwa mshazari ili midomo ya pete ilaliane, kama alivyomwona Kibwana akifanya.

Waliyeyusha nta na shahamu pamoja kwenye makaa, wakaitumbukiza ile pete mpaka ikaacha kutoa mapovu. Chausiku aliyafuta meno ya nati kwa majivu na kitambaa, akaondoa ute wote wa ngozi ya mbuzi, akaivika pete mpya kwenye mti wa bilula na kuishindilia kwa kijiti. Kisha akarudisha nati. Safari hii aliikaza kwa vidole mpaka vidole vikashindwa, akamalizia kwa spana, taratibu, akisimama kila mara kusikiliza mkono wake unasema nini. Alipoona mkono wa bilula unazunguka kwa uzito mzuri bila kukwama, akaiacha.

"Fungua kule njiani," alisema. "Kidogo kidogo."

Maji yalikuja yakigugumia kwenye bomba. Bilula ilitetema, ikatulia. Shingoni palibaki pakavu. Mwanaasha alirudi, wakatazama wote wawili. Aliufunga mkono, akaenda uani kujaribu, hakikutoka kitu. Akaufungua, maji yakatoka. Walikaa wakanywa uji, na uji ulipokwisha wakatazama tena. Pakavu.

"Nikulipe nini?" Mwanaasha aliuliza.

"Usimwite tena."

"Sitamwita."

Chausiku alichukua spana, akaitia kwapani. Alirudi kwake mguu mmoja una kubazi na mwingine mtupu, akalipita soko hivyo hivyo, na watu waliomtazama akawaacha watazame.

Kibwana alirudi kabla ya magharibi, akamkuta mkewe ameketi kwenye mkeka. Mbele yake palikuwa na vitu vitatu amevipanga: spana ndogo, kubazi lililokatwa, na pete ya ngozi ya mbuzi yenye manyoya. Alivitazama kwa zamu. Aliweka mfuko wake chini, akaketi mbali kidogo, kama mgeni.

"Bilula imepona," Chausiku alisema.

"Nani ameiponya?"

"Binti Rehani."

Kibwana alishika ile pete, akaiminya, ikamkatikia kidoleni. "Nilitaka kumwoa," alisema. "Sheria inaniruhusu."

"Inakuruhusu kuoa. Inakuruhusu kuozesha mchele wa mjane?"

Kibwana akafuta ute wa ngozi kidoleni.

"Ungeniambia, baba Mwinjuma. Ungekuja hapa, ukaketi kama ulivyoketi sasa, ukasema, mke wangu, moyo wangu umekwenda mahali. Ningelia, ningekutukana, pengine ningekwenda Mkuyuni nikakaa kwenye shamba la mama yangu, maana sisi kwetu mwanamke hakosi pa kulima. Lakini ningeumia mara moja. Wewe umeniumiza kila mara ulipotoka kuoga."

"Niliogopa," Kibwana alisema.

"Kuniogopa mimi?"

"Kuogopa ukienda Mkuyuni hutarudi."

Chausiku aligeuza uso, kwa sababu hakutaka aone kwamba neno hilo limempata. Ni jambo baya kufurahi katikati ya hasira. Mtu anayetaka wanawake wawili kwa wakati mmoja bado anamtaka kila mmoja wao, alifikiri, na fikira hiyo ikampa faraja na kinyaa kwa pamoja.

Kibwana akaanza kuapa. Akamzuia. "Usiape. Kiapo nacho kinaoza. Kuanzia leo pete zote za ngozi nitakata mimi. Ukiitwa nyumba ya mtu, utaniambia ya nani, nami nitakukatia."

Akakubali. Na kweli ikawa hivyo. Kila Kibwana alipoitwa kwa Mzungu fulani au kwa daktari, alisimama mlangoni na kusema jina, na Chausiku akachukua kisu na ngozi aliyoletewa na baba yake. Mara nyingine alimtazama usoni kabla ya kukata, akitafuta kitu. Mara nyingine hakutazama. Mwanaheri alipouliza mtoni kama ile bilula imepata dawa, Chausiku alijibu kwamba imepata, na kwamba yeye ndiye mganga, na Mwanaheri akainamia nguo zake.

Ungedhani wivu huisha hapo, njia ikishazibwa. Lakini masika yalipokwisha, habari zilikuja kwamba Bi Mwanaasha amewaita kaka zake kutoka Bagamoyo, kwamba ghala limemchosha na mji umekuwa na vibarua wengi mno kwa mwanamke aliye peke yake. Nyumba akampangisha Mgiriki. Asubuhi ya safari Chausiku alikwenda stesheni kumuaga, akampelekea ndizi za Mkuyuni, na Mwanaasha akamshika mikono yote miwili na kuikalisha katika yake. Waliagana vizuri. Gari la moshi likapiga filimbi, likaondoka kuelekea pwani.

Kibwana alikuwa juu ya ngazi ya tangi, anafanya kazi yake. Hakushuka. Alilitazama gari mpaka likaingia kwenye moshi wake, na baada ya moshi kutawanyika aliendelea kutazama. Chausiku alikuwa chini, kwenye kivuli cha tangi, wala hakumwita.

Siku zile zilizofuata ndizo zilizomwuma kuliko zote za bilula. Mumewe hakutoka, hakuoga kwa ajili ya mtu, hakuimba. Alirudi mapema, akakaa uani, akatazama milima. Chakula alikila nusu. Alipoulizwa, alisema ni kichwa. Chausiku alifahamu kwamba hasara ya mumewe imekaa nyumbani mwake kama mgeni, na kwamba hakuna spana ya kuikaza wala ngozi ya kuizibia. Alitaka kumpigia kelele. Alitaka kumwambia, huyo hakukutaka, ni mimi niliyekutaka, tangu siku ile uliposimama njiani na kujifanya unanunua ndizi. Badala yake alipika, akapakua, akakaa naye. Ikiwa atalia basi na alie mbele yangu, alijisemea, nijue yuko wapi.

Hakulia. Wiki zikapita, mahindi ya Mkuyuni yakakomaa, Mwinjuma akaja kuwatembelea, amekuwa mrefu na anasoma kwa sauti. Jioni moja Kibwana alirudi kutoka kazini na matope mpaka magotini, bomba la mlimani lilikuwa limepasuka na walikuwa wamelihangaikia mchana kutwa. Alikaa kwenye mkeka, akavuta sahani, akala yote. Kisha akaisukuma sahani mbele.

"Mama Mwinjuma," alisema, "njaa inaniuma bado. Kimebaki?"

Chausiku aliinuka kwenda jikoni. Chungu kilikuwa na kingi. Alisimama pale na upawa mkononi muda kidogo zaidi ya uliohitajika, kisha akampakulia.